Nusu Saa ya Giza

Saa tano unusu asubuhi vibanio arobaini vilikuwa vimeshakaa kwenye majani ya kunde, kila kimoja na kilango chake kidogo, na vilango vyote mtafiti alikuwa ameviacha wazi. Udongo ulikuwa haujaonja maji kwa siku ishirini na nne. Wageni, wafadhili wa mradi, walikuwa wanashuka kwenye magari, wanalaani jua.

Jani lililo juani lina shughuli zake. Ukilipima hapo hapo, mashine ya kupima uzima wa jani inasoma kama linakufa. Sharti kilango kifungwe, jani likae gizani nusu saa lipumzike, ndipo liseme kweli. Kila ulipokuja ugeni, yeye ndiye aliyetangulia kuvifunga. Profesa, mkuu wa mradi, hakulijua hilo. Kwa miaka kumi na mmoja alifika na wageni, akachomeka mashine, akasoma tarakimu kwa sauti ya mtu aliyekesha shambani. Alidhani vibanio ni vya kushikia tu.

Jana yake mtafiti huyu alikuwa ameiona nakala ya mwisho ya makala yao kuhusu kunde hizo zinazohimili ukame. Kulikuwa na majina mawili: la Profesa, na la mpwa wa Profesa, aliyeingia mradini miezi minane iliyopita. Akaenda nayo ofisini.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu."

"Jina langu silioni."

"Umo. Tazama mwisho, kwenye shukrani."

Akatazama. *Tunawashukuru wahudumu wote wa shamba.*

"Profesa, aina hizi za kunde nimezizalisha mimi. Shahada yangu inasubiri makala hii."

"Mwanangu, wewe ni mtu wa vyombo. Mwenzio anakwenda kusoma ng'ambo, itamfaa. Wewe unakwenda wapi?" Profesa akacheka, na yeye, kwa mazoea, akacheka naye. Kicheko hicho ndicho kilichomnyima raha hadi asubuhi.

Sasa Profesa alikuwa ameinama mbele ya mama kiongozi wa wafadhili, aliyevaa buti mpya za mpira.

"Mheshimiwa, jionee mwenyewe." Mashine ikalia. Profesa akasoma, akakifuta kioo chake kwa kidole gumba, akasoma tena.

"Inasemaje?" mama aliuliza.

"Sifuri nukta tatu moja."

"Na mmea mzima unatakiwa usome ngapi?"

"Sifuri nukta nane na zaidi," mpwa akadakia, kisha akatamani kumeza ulimi wake.

Wakapima jani la pili, la tano, la kumi. Profesa akasema mashine ina hitilafu. Wafadhili walikuwa wamekuja na yao, mpya. Ikasoma sifuri nukta mbili tisa. Kola ya Profesa ililowa jasho, na mtafiti akafurahi. Alifurahi kuliko siku ya harusi yake.

"Nani hupima hapa kila siku?" mama aliuliza.

Profesa akamgeukia mtafiti. Macho yalikuwa yanaomba. "Mwanangu, hebu waeleze."

Ilitosha kusema wafunge vilango, wakae kivulini nusu saa, warudi. Alijua pia gharama ya kunyamaza. Friji ya mbegu ilikufa mwaka jana, ombi la fundi likalala mezani kwa Profesa, na mbegu zilizopona zote zilikuwa ardhini hapa, mbele yao. Hakupepesa macho.

"Mimi ni mtu wa vyombo tu, mheshimiwa," akasema. "Profesa ndiye anayejua."

Mradi ulifungwa wiki hiyo hiyo. Siku kadhaa alijipitisha mbele ya ofisi ya Profesa, apate kumwona akitoka na vitu vyake kwenye boksi. Badala yake lilitoka tangazo: chuo kimeunda kamati ya kuchunguza kwa nini tafiti za ukame hazifaulu, na mwenyekiti wake ni Profesa. Mpwa alikuwa ameshapanda ndege. Yeye mwenyewe alipewa barua ya kumaliza kazi mwisho wa mwezi, na amri ya kusafisha shamba.

Walianza kung'oa Jumatatu, yeye na mzee wa shamba.

"Mwanangu," mzee alisema akiwa ameshika mche, "mbona hizi hazijafa?"

"Ripoti inasema zimekufa, baba."

"Hiyo ripoti iliwahi kufika huku?"

Mtafiti alipasua ganda moja kwa ukucha. Mbegu zilikuwa bado maziwa, hazijakomaa. Zilihitaji wiki tatu. Alimchukia Profesa kwa moyo wote, na hata kama wageni wangerudi saa ile, hakuwa na uhakika kama angefungua mdomo.

Simu ikaita.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Mmefika wapi? Mafundi wanakuja kesho, hapo patakuwa maegesho ya magari ya kamati."

"Tumebakiza mistari sita."

"Vizuri sana. Wewe mchapakazi, siku zote nawaambia watu."

Akakata. Mtafiti akaushika mche uliofuata kwa mikono miwili, akavuta, haukutoka. Akaweka mguu sawa na kuvuta tena, akimtukana Profesa tusi ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya mtu mzima. Mzee akajifanya hakusikia. Mche ukang'oka na mizizi mirefu, myeupe, iliyokuwa imeshuka chini kabisa hadi kwenye udongo wenye unyevu, naye akautupa kwenye toroli juu ya mingine.