Ongeza Robo Nyingine

Jumamosi asubuhi Ozell Pruitt alitandika taulo juu ya meza ya jikoni, akalilaza gitaa lake la besi, na shingo yake akaiegemeza kwenye mfuko wa unga wa mahindi. Gitaa lilikuwa limesahauliwa kwenye buti la gari tangu mazoezi ya Jumatano, na joto la Memphis la mwezi wa nane halina huruma na mti wowote. Ozell alifumba jicho moja, akaiangalia shingo kutokea kichwani kama mtu anayelenga ndege. Ilikuwa imepinda. Nyuzi zilikuwa zimenyanyuka juu mno, ungeweza kuanikia soksi.

"Mpelekee fundi," alisema Vernell, mkewe, aliyekuwa akikaanga kambare. "Wewe hata mlango wa kabati umekushinda."

"Fundi kafunga mpaka Jumatatu. Na kesho ni maadhimisho ya kanisa. Askofu anatoka Jackson na bendi yake nzima."

"Basi usije ukalia."

Vernell alikaanga akiwa ameinama, maana ndivyo alivyokuwa siku hizi. Alifanya kazi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, ambako matoroli yana kina cha kisima na mashuka mabichi hulala chini kabisa. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, ila hawakusema kama cha mvunguni lazima kiwe chake. Mgongo wa Vernell ulipinda kidogo kidogo, hadi akawa anawatambua watu kwa vifungo vya mashati yao. Daktari wa kiwanda alisema ni maumbile.

Ndani ya shingo ya gitaa hupita ufito wa chuma, na kichwani kuna tundu dogo la kuukazia. Ozell alilegeza nyuzi, akachomeka spana yake, akazungusha robo ya mzunguko kuelekea kulia. Nyuma yake kitu kilialika kama kuni kavu.

"Ozell, umefanya nini?"

"Nimekaza robo."

"Ongeza nyingine."

Ozell aligeuka. Mkewe alikuwa amepanda juu. Hakuwa amenyooka bado, lakini sasa alitazama dirisha badala ya kikaango, na alikuwa anamkodolea macho paka wa jirani ambaye hakuwa amewahi kumwona.

"Mti unatakiwa upumzike kwanza," alisema Ozell. "Ukiukimbiza unapasuka."

"Mti upumzike! Na mimi je, nipumzike lini? Haya, kula samaki wako, ukimaliza ukaze."

Walikula huku mti ukipumzika. Ozell alipokaza robo ya pili, Vernell aliona juu ya friji kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na hakupendezwa. "Yesu wangu, tunaishi chini ya vumbi hili?" Alichukua kitambaa akapangusa. Huko juu alikuta pia pakiti ya sigara, zile ambazo Ozell aliapa mbele ya mchungaji kwamba ameziacha. Alimtazama mumewe. Ozell alitazama gitaa.

"Kaza," alisema Vernell. "Hili tutalizungumza nikiwa nimesimama vizuri."

Kwa robo ya tatu shingo ilinyooka kama rula, na Vernell naye vivyo hivyo. Alimzidi mumewe kwa vidole viwili. Ozell alikuwa amesahau kabisa kwamba siku ya harusi yao bibi harusi alivaa viatu visivyo na kisigino ili kumsitiri, na kwa muda mrefu sasa alikuwa akijitapa kwa watu kuwa yeye ndiye mrefu nyumbani. Hilo halikumuuma. Alifurahi, akamshika mkewe kiunoni, wakacheza bila muziki kati ya jiko na friji.

Muziki ndio uliokuja kuharibu. Ozell alipokaza nyuzi na kupiga, zilikwaruza vile vyuma vyembamba vya shingoni, zikatoa sauti ya nyuki ndani ya kopo. Kila mpiga besi anajua sababu yake. Shingo iliyonyooka kabisa haiimbi. Uzi ukitikisika unahitaji nafasi, kwa hiyo shingo huachwa ipinde kidogo sana. Ozell alikuwa na kadi ngumu ya matangazo ya kampuni ya mazishi, ambayo huipitisha chini ya uzi kupimia. Alijikuna kichwa.

"Nel, itabidi nilegeze kidogo."

"Kidogo kama nini?"

"Unene wa kadi hii tu. Hata hutausikia."

Vernell aliichukua ile kadi, akaipapasa kati ya vidole.

"Na mimi nilianza kupinda kwa unene huuhuu, Ozell."

Ozell alitia spana ndani ya droo, akaifunga.

Kesho yake katika Kanisa la Mlima Nebo alipiga nyuki kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Dada Claudine, mpiga kinanda, alimwinamia bila kuinua mikono. "Kaka Ozell, humo ndani umefuga nini? Tutavuna asali lini?" Mpiga besi wa Jackson, kijana mwenye viatu vyeupe, alificha kicheko nyuma ya upepeo wa karatasi. Ozell, ambaye sifa yake pekee mjini ilikuwa besi, aliona aibu ikimtiririka mgongoni pamoja na jasho. Hata hivyo kila alipoinua macho alimwona Vernell kwenye benchi la pili, amevaa kofia ya zambarau, amesimama wima kama mnara, naye akaendelea kukwaruza.

Mhudumu wa mlangoni alimwendea Vernell, akamwomba avue kofia kwa sababu walio nyuma hawaoni madhabahu.

"Wamechungulia juu ya mgongo wangu miaka yote," alisema Vernell. "Leo wachungulie pembeni."

Baada ya ibada watu walimwambia kwamba amependeza, kisha wakauliza nani alileta saladi ya viazi.

Jumatatu msimamizi wa kiwanda, Bwana Denby, alimtazama Vernell kuanzia chini hadi juu, akaridhika. "Afadhali, sasa unafika," alisema, akamwongezea rafu za juu bila kumpunguzia matoroli ya chini. Jioni, kwenye kona ya sebule, gitaa ambalo hakuna aliyeligusa lilikuwa limepinda tena. Ozell alikaza robo kabla ya chakula. Vernell akapanda, akasema asante, akaenda kuosha mikono. Ikawa desturi ya nyumba, kama kutoa takataka.

Siri ya mgongo haifichiki. Jumamosi iliyofuata wanawake wa kiwandani walijipanga barazani, kila mmoja na chombo chake. Mmoja alileta gitaa la marehemu babu yake, mwingine gitaa la mwanawe lililobaki na nyuzi mbili. Ozell alikaa kwenye ngazi na spana, akakaza mchana kutwa, na kila mara kitu kilipoalika, mwanamke mmoja aliinuka akatazama paa la nyumba ya jirani. Dada Delphine, ambaye kwao kulikuwa na tarumbeta tu, alirudi nalo kama alivyokuja.

"Tarumbeta halina shingo, dada yangu," Ozell alimwambia. Ilimuuma sana kusema hivyo.

Jumatatu wanawake waliingia kazini wima, wakiwa wamepanga mstari. Bwana Denby alifurahi kuona wafanyakazi wamepata afya. Aliagiza matoroli mapya yenye kina zaidi.

Majani yalipoanza kupukutika, jioni moja Ozell alichomeka spana na spana ikagoma. Alijaribu taratibu. Ufito ulikuwa umefika mwisho wake. Akilazimisha utakatika, na shingo ipasuke nao. Vernell alikuwa jikoni, ameinamia sufuria ya maharagwe, amerudi kutoka kazini na bado hajavua koti.

"Umekaza?" aliuliza.

"Nimekaza," alisema Ozell.

Hakuna kilichoalika. Vernell alisikia kwamba hakuna kilichoalika. Aliweka mwiko chini, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akaanza kujisukuma kwenda juu, pingili kwa pingili, mishipa ya shingo imemtoka, mpaka akafika karibu na usawa wa dirisha.

"Naona," alisema kwa shida. "Asante, mzee wangu."

Ozell aliinamia gitaa akijifanya bado anapima nyuzi, asije akaona mkewe anavyong'ang'ania meza. Vernell aliendelea kusimama hivyo mpaka maharagwe yakaiva.