Nyumba Mpya Kwenye Reli ya Rashidi

Kama kuna mwanamume aliyewahi kujisuta kwa mikono yake mwenyewe, ni mzee Rashidi wa Same. Mdomo wake ulitunza siri miaka miwili bila kuteleza. Mikono ndiyo iliyomponza.

Nyuma ya duka lake la vitambaa palikuwa na stoo, na ndani ya stoo meza iliyozunguka kuta zote nne. Juu ya meza hiyo ilipita reli ya Tanga, kuanzia Korogwe hadi Moshi, ikiwa imefupishwa ikatosha katika chumba kilichokuwa cha majora ya vitenge. Reli zilikuwa spoki za baiskeli. Mabehewa yalikatwa kwenye makopo ya samaki, na injini ilivutwa na mota iliyotolewa kwenye deki mbovu. Milima ya Upare ilikuwa magunia yaliyochovywa kwenye saruji na kupakwa rangi ya kijani. Treni ilipoacha kupita miaka ile, watu waliokota mataruma, yale magogo ya chini ya reli, wakapikia. Rashidi yeye alianza kuijenga upya, na treni iliporudi hakuona sababu ya kuacha. Alikwenda stesheni moja baada ya nyingine na tepu mfukoni, akipima madirisha na kuwauliza wazee tangi la maji la injini za mvuke lilikuwa upande gani.

Alikuwa na sheria moja, na alikuwa mkali nayo kuliko sheria za serikali: kisichokuwepo ardhini hakipandi mezani, na kilichopo hakiachwi. Mkewe Salha aliwahi kumwomba amwekee mbuzi mmoja mbele ya duka, japo wa kupendezesha. Rashidi alichungulia nje, akarudi, akauliza, "Yuko wapi?" Mwarobaini wa uani ulipokatwa, aliung'oa mezani siku ileile, Salha bado akiulilia ule mkubwa.

Watu nao walikuwamo, kimo cha punje ya mahindi. Rashidi na Salha walisimama mlangoni pa duka lao, yeye na kofia nyeupe, Salha na kipande kilichokatwa kwenye khanga yake ya njano. Rashidi akisafiri, alijihamisha. Akienda Korogwe, kile kidude chenye kofia kilipelekwa stesheni ya Korogwe, kwa sababu, alisema, mtu hawezi kuwa mahali pawili. Salha aliita mambo haya michezo ya watoto. Ole wake mtu mwingine aliyethubutu kuyaita hivyo mbele yake.

Hapo zamani walikuwa watatu mlangoni pale. Mtoto wao wa pekee, Yunus, alikuwa wakala wa vitunguu, na fuso alilopanda lilipinduka karibu na Hedaru. Jioni ya maziko Rashidi aliingia stoo, akamwondoa mwanawe mezani. Salha alimwona akitoka amefumba kiganja. Hakumsemesha wiki nzima, na alipomsemesha alisema mambo ambayo majirani bado wanayakumbuka, maana Salha akifungua mdomo, hata wapita njia wa barabara kuu hupunguza mwendo.

Baadaye macho ya Salha yakaanza kuingia ukungu. Miaka miwili aliiona dunia kama mtu anayechungulia ndani ya chungu cha uji, hadi mwezi uliopita alipotolewa mtoto wa jicho, akarudi nyumbani akishangaa jinsi mumewe alivyozeeka. Jumatano moja Rashidi aliaga anakwenda Moshi kununua rangi. Salha akachukua unyoya wa kuku, kifaa pekee alichoruhusiwa kukitumia stoo, akaingia kufuta vumbi.

Mlangoni pa duka kile kidude chake cha khanga ya njano kilisimama peke yake. Hilo halikumshtua, mwenzake yuko Moshi. Akazungusha macho hadi Moshi kwenda kumsabahi. Moshi hapakuwa na mtu.

Akarudi nyuma pole pole, unyoya ukiwa hewani. Kahe, hayupo. Kwenye kituo cha Kifaru, karibu na stesheni, palikuwa na nyumba ambayo hajawahi kuiona. Ilikuwa na mlango wa buluu, paa la bati lenye kiraka chekundu, na kamba ya nguo. Kwenye kibaraza, juu ya kigoda, alikaa Rashidi na kofia yake, kikombe mkononi. Pembeni yake alisimama mwanamke. Katikati ya magoti ya Rashidi alisimama mtoto, mdogo kama punje ya mchele.

Salha aliuangusha unyoya. Akakaa juu ya jora la kitenge, akainuka, akakaa tena. Angekuwa ameambiwa na mtu, angemtukana mtu huyo. Angekuwa ameota, angesema ni shetani. Lakini hii ilikuwa meza ya Rashidi, na meza ya Rashidi haikuwahi kudanganya. Mwanamume aliyekataa kumwekea mkewe mbuzi wa bure hawezi kujiwekea mke wa bure.

"Na mtoto!" alisema kwa sauti. "Mzee wa miaka sabini, ana mtoto!"

Alikuwa amezikwa nusu pamoja na Yunus, akidhani mwenzake naye amezikwa nusu. Kumbe mwenzake alikwishapata mtoto mwingine wa kuziba pengo, huku yeye akipapasa kuta. Hilo ndilo lililomchoma kuliko mwanamke. Aliing'oa nyumba ile mezani pamoja na gundi yake, akaitia mkobani, akamwachia jirani yake Sumaiya funguo za duka, akapanda basi la kwenda Moshi. Njia nzima hakumjibu mtu salamu.

Kifaru aliteremka jua likiwa utosini. Hakumwuliza mtu njia. Alikwenda hadi stesheni, akatoa nyumba ndogo mkobani, akaitazama, akainua macho, na ng'ambo ya reli akaiona ile kubwa. Mlango wa buluu. Kiraka chekundu kwenye bati, pembe ileile. Kwenye kibaraza palikuwa na kigoda na kikombe cha chai ambacho bado kilikuwa kinafuka moshi. Mpaka hapo alikuwa bado anaomba awe amekosea.

Alivuka reli, akausukuma mlango bila hodi. Yeye Salha, aliyewachapa watoto wa mtaa mzima kwa kuingia nyumba za watu bila hodi.

Rashidi alikuwa sakafuni, amepiga magoti, anafunga gurudumu la behewa la kopo. Mwanamke kijana alisimama na sahani mkononi. "Shikamoo mama," alisema yule mwanamke. Salha hakuitikia. Alikuwa amejaza kifua matusi tangu Same, yamepangwa kuanzia dogo hadi kubwa, na sasa hakulipata hata moja, kwa sababu mtoto aliyekuwa kando ya Rashidi alikuwa amegeuka kumtazama.

Alikuwa msichana wa miaka mitano hivi. Masikio yake yalisimama wima pande zote mbili za kichwa, na alimtazama mgeni huku ameinamisha shingo kushoto, kama mtu anayesikiliza sauti ya mbali. Salha aliyajua masikio yale. Aliyaosha, aliyapaka mafuta, aliyavuta yalipokosea. Mara ya mwisho aliyaona yakifunikwa kwa sanda.

"Baba Yunus," alisema, na ilikuwa sauti ndogo ambayo Rashidi hakuwahi kuisikia. "Mtoto huyu wa nani?"

"Wa Yunus," alisema Rashidi.

Rashidi akamweleza, haraka haraka, bado amepiga magoti. Huyu ni Yudith, kwao ni Mhezi, huko juu milimani. Alishuka kulima vitunguu Kileo, hapa jirani, kwa shangazi yake, na Yunus alikuwa akija kupakia mzigo. Walijuana. Yeye Mlutheri, Yunus Mwislamu, wakaogopa pande zote mbili. Yunus alisema atamwambia mama yake baada ya mavuno. Fuso likapinduka kabla ya mavuno. Miaka miwili iliyopita Rashidi alikuja kupima stesheni ya Kifaru, akamkuta mtoto amekaa ukingoni mwa jukwaa na masikio yale, tepu ikamponyoka mkononi.

"Anaitwa Agape," alisema.

Salha alikwishamnyakua. Alimkumbatia, akamnusa shingo, akalia kilio ambacho hakukilia hata msibani. Furaha na uchungu vilimjia kwa pamoja. Ana mjukuu. Miaka mitano yote ana mjukuu, umbali wa safari ya asubuhi tu! Na alipofuta machozi, Salha yule mnayemjua akarudi mzima mzima.

"Mfungashie nguo zake," alimwambia Yudith. "Leo analala Same. Hii ni damu yetu, haiwezi kulelewa pembeni mwa reli kama mtoto asiye na ukoo."

Sahani ilianguka. Yudith alimshika mtoto mkono, Salha akaushikilia wa pili, na Agape akapiga kelele.

"Mama Yunus!" Rashidi aliinuka. "Mwachie. Unaona? Hii ndiyo sababu sikukwambia. Huyu binti alinililia nimwapie kwamba hutajua. Alisema, mama Yunus akijua, mwanangu anakwenda. Nilitaka kumbishia, nikashindwa. Miaka arobaini nakufahamu."

Salha alimwachia mtoto. Aliwahi kuitwa mkali, akajisifia. Hajawahi kuitwa mtu wa kufichwa.

Agape alijipangusa pua. Alimwangalia bibi huyu kwa kuinamisha shingo vilevile, kisha akaenda kona ya chumba, na hapo ndipo Salha alipoiona. Sakafuni palikuwa na reli nyingine, fupi, ya spoki. Upande mmoja nyumba ya Kifaru, yenye mlango wa buluu. Upande wa pili Same, duka la boksi la majani ya chai. Mtoto aliokota kitu, akakileta kiganjani. Kilikuwa kipande cha khanga ya njano, chenye kichwa na mkono mmoja kiunoni.

"Ndiye wewe?" aliuliza.

Ilikuwa khanga yake. Aliijua hadi ua lake. Kumbe miaka miwili hiyo, wakati yeye haoni hata sahani yake, mtoto huyu alikuwa anamwona kila siku.

"Ndiye mimi," alisema Salha. "Unaniweka wapi? Dukani?"

"Hapana. Hapa." Agape alikisimamisha ng'ambo ya reli, mbali na duka, mbali na nyumba, kikitazama mlango wa buluu. "Mama alisema ukija utanichukua. Kwa hiyo nikiamka naangalia kama bado uko huko."

Salha alikitazama kile kitu cha njano. Alikuwa amekuja na ushahidi mkobani wa kumsuta mtu, na sasa aliona jinsi anavyoonekana mtu anayesutwa. Mtoto wa mwanawe huamka kila asubuhi kuhakikisha kwamba bibi yake hajavuka reli.

Na amevuka. Amevuka na kusukuma mlango, na akafanya hasa kile alichoogopewa.

Alifungua mkoba, akatoa ile nyumba iliyong'olewa, akaiweka sakafuni mbele ya Agape. Akajifunga khanga vizuri, akatoka nje, akaufunga mlango nyuma yake. Rashidi alipotaka kumfuata, alimwonyesha kiganja kwamba abaki.

Kwenye kibaraza alisimama, akakohoa.

"Hodi," alisema.

Ndani kimya. Alisikia Yudith akimnong'oneza mtoto kwa Chasu, Kipare cha kwao. Alikuwa na uwezo wa kuingia, mlango haukuwa na hata komeo. Mikono yake aliikunja kifuani ili isifanye yake.

"Hodi."

Kimya. Chai ya Rashidi ilikuwa imepoa kwenye kikombe. Salha alifundishwa chuo cha Kurani, akiwa na umri mdogo kama wa Agape, kwamba hodi ni tatu. Usipoitikiwa ya tatu unageuka, unakwenda zako, wala hunung'uniki, kwa kuwa nyumba ni ya mwenyewe. Aliwafundisha wengi somo hilo. Hajawahi kufika ya tatu yeye mwenyewe, watu humkaribisha mapema ili asizidishe sauti. Akaogopa kuisema. Aliogopa jinsi alivyoogopa siku ile simu ya Hedaru ilipoita.

"Hodi," alisema, kwa sauti ya chini kuliko zile mbili za kwanza.

Alihesabu pumzi zake. Mlango ulibaki mlango. Basi Salha akageuka, akashuka kibarazani, akatembea kuelekea stesheni. Alikanyaga taruma la kwanza, akavuka reli, akafika upande wa pili, palepale alipokuwa akisimamishwa kila siku. Miguu ikakataa kuendelea. Hakugeuza kichwa.

Nyuma yake bawaba zililia.

"Karibu, mama," alisema Yudith.

Salha aligeuka. Yudith alisimama mlangoni, mtoto amembeba mgongoni, amemfunga kwa khanga mafundo mawili. Juu ya bega la mama yake masikio mawili yalisimama wima.

Kulikuwa na maneno mengi ya kusema, na Salha hakuwahi kupungukiwa maneno. Lakini lilikuwepo moja aliloliacha bila kulijibu tangu alipousukuma mlango ule, na hakuthubutu kuinua mguu kabla ya kulilipa.

"Marahaba, mwanangu," alisema. Ndipo akavuka.