Kesi ya Foleni ya Maji

Hyasinta aliisubiri siku hii mwaka mzima, na ilipofika alimshukuru Mungu kimyakimya.

Mwaka jana Jenipher alimchongea kwa matroni kuhusu simu aliyoificha sandukuni. Hyasinta akarudishwa kwao Mwisenge, mtihani ukampita, akarudia kidato. Sasa yeye ni msuluhishi wa klabu ya amani ya shule, na Jenipher ameletwa mbele yake kwa kumpiga Wankyo kwenye foleni ya maji. Jenipher alikuwa na onyo la mwisho. Wakielewana, kesi inaishia hapo. Fomu ikiandikwa "hawakuelewana", anafukuzwa shule.

"Aniombe tu msamaha, yaishe," alisema Wankyo. "Hata siumii tena."

Hyasinta alitamani kumfinya.

"Usiharakishe," alimwambia, kwa ule upole aliofundishwa kwenye semina Bunda. "Siku zingine anakuitaga nani vile?"

Wankyo akakumbuka. Akaulizwa tena, akakumbuka na mengine: mama yake alivyotukanwa, sare yake ilivyochekwa. Jenipher naye akapewa zamu, akajieleza bila kukatizwa. Kila swali lilitoka kwenye kitabu cha klabu. Kengele ilipolia, Wankyo alikuwa analia kwa hasira na hataki hata kumtazama mwenzake. Hyasinta akajaza fomu kwa mwandiko mzuri kabisa.

Kesho yake Mzee Mseti, baba yake Jenipher, alikuja kutoka Buswahili kumchukua mwanawe. Hyasinta alienda getini kujionea.

"Baba, ni huyu," alisema Jenipher, macho yamevimba. "Alinisikiliza mpaka mwisho. Wengine hawanisikilizagi."

Mzee akamshika Hyasinta mkono kwa mikono yake miwili. "Asante sana mwanangu. Umemhangaikia."

Hasira zilimpanda Hyasinta. Kisasi gani hiki, aliyelipiziwa anashukuru? Angenyamaza, angebaki salama. Lakini hakuvumilia mwaka mzima ili aje apewe asante.

"Sikumhangaikia, baba. Wankyo alishamsamehe. Mimi ndiye niliyemchochea, kwa sababu ya ile simu."

Jenipher alimgeukia, uso umemsawijika. Uso ule ndio Hyasinta aliokuwa akiuota, na aliona raha kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

Mzee Mseti akatua mzigo chini. "Turudi ofisini," alisema. "Wote watatu."

Hyasinta alitangulia. Alijua kwamba jioni Jenipher atalala bwenini, na atakayefungashiwa virago ni yeye. Alitembea huku anatabasamu.