Mafuta Yanayoiambia Seli Ife

Mdogo wangu Haika, mtoto wa mama mdogo, ni mtu wa kuudhi. Anaacha taa zinawaka, anasahau kula, na tangu ahamie kwangu Woolwich hana hadithi nyingine ila seramidi. Mimi ni nesi wa wodi ya saratani ya damu. Nikirudi nyumbani nataka chai, sitaki somo. Lakini nilimsikiliza, maana akianza kueleza unasahau uchovu.

Seramidi, alisema, ni mafuta yaliyomo kwenye utando wa seli. Seli ikiumia vibaya, mafuta hayo huongezeka, hujikusanya pamoja na kuamsha ishara, moja ikiiamsha nyingine, mpaka seli inajikunja na kujimaliza bila kuwachafulia majirani. Inakufa kwa adabu. Seli nyingi za saratani hazina adabu hiyo: huyavunja mafuta hayo kabla hayajasema neno. Haika alitaka kuziongezea seramidi mpaka zisikie.

Hazikusikia. Miezi mizima seli zake za saratani zilinawiri tu kwenye visahani vya maabara ya chuo chake.

"Dada Placida, supervisor kasema Ijumaa ana-close project," aliniambia jikoni.

Nikampa vyombo aoshe. Jirani yetu Bi Ummukulthum alikuwa ametuletea mchuzi wa nazi kwenye kopo la plastiki la aiskrimu, na chombo cha watu hakirudi kitupu. Nilishakaanga kachori za kutia. Haika akasugua. Bakuli la kioo tulilopakulia mchuzi likatakata mara moja. Kopo likabaki na utelezi. Maji ya moto, sabuni, wapi!

"Hujaosha hilo," nikamgombeza.

Alikuwa amelikodolea macho, povu likimtiririka hadi viwikoni.

"Dada, seramidi yangu naiweka kwenye tubes za plastiki."

"Sasa?"

"Si mafuta yale? Yamegandia humo. Seli hazijakataa, dada. Hazijaambiwa!"

Kesho yake alianza upya kwa vichupa vya kioo, akayashikiza mafuta kwenye protini ya damu ili yafike salama. Tena akaongeza kisahani cha mafuta pacha, yanayofanana na seramidi isipokuwa kiungo kimoja tu, na ambayo hayatarajiwi kuua.

"Pacha naye akiua, basi nimezitilia sumu tu, si ishara," alisema. "Na nitamwambia supervisor hivyo hivyo."

Nilikasirika. Kazi inafungwa Ijumaa, naye anajitafutia shahidi wa kumkana! Lakini moyoni nilimwonea fahari hata nikashindwa kumtazama.

Ijumaa mchana alinipigia nikiwa wodini.

"Zimekufa!"

"Na za pacha?"

"Nzima kabisa! Project inaendelea, dada!"

Nililia pale pale, mbele ya Mzee Kanti, mgonjwa wangu, mzaliwa wa Kisumu.

"Sister, nani amekufa?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza huku akiitazama dripu yake.

"Itakuwa dawa lini?"

Mdogo wangu asingemdanganya, nami sikuweza.

"Kisahani si mtu, mzee. Labda miaka mingi. Labda isiwe kabisa."

Mzee akajivuta, akakaa wima kitandani.

"Kesho Jumamosi," akasema. "Mwambie asikae nyumbani, visahani vinamngoja."