Vitufe vya Mkono wa Kulia

Cheche alikuwa mchomeleaji wa vyuma, na ulimi wake nao ulikuwa unachoma. Siku mbili kabla mama yake hajapigwa na kiharusi, waligombana kwa sababu ya kelele za grenda ya kukatia vyuma uani. Mama alisema amechoka kuishi ndani ya ghala la vyuma. Cheche akajibu kwamba basi anahama, na mashine zake anahama nazo. Mama akamaliza: "Hama. Na ukishatoka hapa usinitafute." Ulimi hauna mfupa, wote wawili wangeyasahau hayo kufikia Ijumaa. Lakini Ijumaa mama aliamka nusu ya mwili imelala, upande wote wa kushoto.

Tangu hapo ilikuwa imepita miezi minne, na kila Jumamosi Cheche, aliyekwisha kuhamia kwenye karakana ya kupanga, alikwenda kumwona. Anaingia, anavuta kigoda kilichokuwa karibu na mlango, kushoto kwa kiti cha mama, maana mtu aliyemkosea mzazi anapata wapi uso wa kujipachika katikati ya chumba? Anasema shikamoo. Mama anageuza uso upande wa pili, dirishani, na kuitikia marahaba huku anatazama pazia. Basi, ni hilo tu. Dada yake mkubwa, fundi cherehani aliyekuwa akimuuguza mama, alikuwa na kiti chake kule dirishani penye meza ya dawa, na yeye mama alimtazama na kuzungumza naye vizuri, ingawa maneno yalitoka mazito. Kwa Cheche, pazia. Heri angemzaba kofi.

Kule jikoni alimwambia dada yake kwamba mama amemsusa. Dada akamjibu kuwa mgonjwa hanuniwi, ampe muda. Lakini dada naye macho anayo, alikuwa ameona. Kwa kuogopa kutonesha kidonda, hata jina la Cheche hakulitaja mbele ya mama.

Kilichobaki cha kumlainisha mama, Cheche aliwaza, ni kile kigemu cha mkononi. Kilikuwa chake, alikinunua zamani, mama akakiazima siku moja, na ile siku moja ikawa miaka tisa. Mama hakujua mchezo mwingine ila ule wa matofali yanayodondoka toka juu, unayapanga mpaka mstari unajaa na kufutika. Alikuwa ameweka rekodi ambayo wanawe wote wawili hawajawahi kuifikia hata nusu, na alikuwa hachoki kuwakumbusha. Sasa mkono wa kushoto umelala, na mishale ya kusogeza matofali iko kushoto. Kigemu kilikuwa kabatini tangu siku ile, mpaka Cheche alipokichukua.

Mashine ilivyotoka kiwandani haikubali kuhamisha vitufe. Fundi simu aliyepakana na karakana yake ndiye aliyemwambia kwamba kuna famwea nyingine, yaani ule mfumo wa ndani unaoiendesha mashine, iliyotengenezwa na wapenzi wa michezo wenyewe, na hiyo inakuruhusu kukipa kila kitufe kazi unayotaka. Kuiweka ni nusu saa. Ila ukikosea faili, au mashine ikizimika katikati, haiwaki tena, na rekodi ya mama inakwenda nayo. Fundi simu alijitolea kuifanya kazi hiyo. Cheche akakataa. Akiharibu mwingine, mama atasema ni Cheche. Akiharibu Cheche, mama atasema ni Cheche. Bora aiharibu mwenyewe.

Jumamosi asubuhi alizima mashine ya kuchomelea, akafuta vumbi la chuma mezani, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Akachaji betri ikajaa. Akachomoa kadi ya kumbukumbu na kunakili kila kilichomo kwenye kompyuta ya fundi simu, rekodi kwanza, kisha akanakili tena kwa wasiwasi tu. Akaweka faili la famwea kwenye folda yake, akasoma maelekezo mara tatu, akabonyeza. Kioo kikawa cheusi. Mstari mweupe ukaanza kutambaa.

Mteja akaja kuulizia geti lake. Cheche akamwinulia kiganja bila kugeuka, na mteja akasimama kimya akidhani kuna msiba. Kwenye sabini na mbili kwa mia mstari ukakwama. Maelekezo yalisema usiguse kitu. Basi mtu huyu, ambaye hajawahi kungoja rangi ikauke, alikalia mikono yake mwenyewe huku jasho linamtiririka, anamwomba Mungu kwa ajili ya mchezo wa matofali. Baada ya dakika nne mstari ukaendelea. Mashine ikawaka na menyu mpya, na rekodi ipo. Akahamishia kazi zote kwenye vitufe vya kulia, akajaribu kwa mkono mmoja, wa pili kautia mfukoni.

Alifika nyumbani mama anamaliza chakula cha mchana. Dada akamwekea kigemu juu ya mto mapajani. Safari hii Cheche hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti apate kuona kioo. Kidole gumba cha mama kikapapasa, kikapata kitufe, tofali likasogea. Mama akacheka. Cheche naye kule nyuma akacheka kimyakimya.

Halafu matofali yakaanza kupangwa, moja juu ya jingine, kulia, kulia, kulia tu. Nusu ya kushoto ilibaki tupu. Mnara ukafika juu, mchezo ukaisha. Akaanza upya, ikawa vilevile. Mara ya tatu alikiweka chini.

"Kimeharibika," mama alisema. "Hakina nafasi."

Dada akanong'ona kwamba labda mama ameusahau mchezo. Cheche akakitazama tena kioo. Mtu anayepima mageti kwa jicho hawezi kupitwa na uwazi wa nusu kioo. Akatazama sahani mezani: upande wa kulia umesafishwa, upande wa kushoto chakula kipo kama kilivyopakuliwa. Akauliza kama ni kila siku. Dada akasema ndiyo, kila siku anabakiza nusu, kisha analalamika kwamba anapunjwa, na wameshagombana kwa hilo mpaka basi. Cheche akaizungusha ile sahani. Mama akaitazama, akachukua kijiko.

"Mmeongeza," akasema, akaendelea kula.

Hapo Cheche akaelewa. Kumbe kiharusi hakikuondoka na mkono peke yake. Kwa mama, kushoto kote hakukuwepo tena: nusu ya kioo, nusu ya sahani, mlango, na yeyote aliyekaa kwenye kigoda cha mlangoni. Ungemwita toka huko, angekutafuta upande pekee aliobaki nao, yaani dirishani.

Akazunguka kiti. Dada akampisha. Akapiga magoti kando ya meza ya dawa na kusema, "Shikamoo, mama."

Mama akamtazama. Akamtazama muda mrefu, kijiko kikiwa hewani, kisha akakiweka na kumshika shavu.

"Ulikuwa wapi miezi minne hii?"

"Nilikuwa hapahapa, mama. Kila Jumamosi."

"Nilikuwa nakusikia," mama alisema. "Unaniamkia, nageuka kukutafuta, hupo. Nikajua akili imeniruka, nasikia sauti ya mtoto aliyehama. Dada yako sikumwambia, nisije nikamtisha."

Cheche akalaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake na kulia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake. Dada akatoka nje kumpigia daktari simu.