Meza ya Wafu Katika Darasa la Kihispania

Nyumbani kwetu neno "amekufa" lilikuwa na mipaka yake. Kuku alikufa, redio ilikufa, jirani alikufa tukaenda kumzika. Lakini shemeji yangu Masudi hakufa. Alichukuliwa na watu wenye bunduki wakati wa uasi, asubuhi, taulo likiwa begani, na tangu siku ile dada yangu Jamila alikuwa mke wa mtu aliyesafiri. Wengine walisema waliomchukua ni waasi, wengine walisema ni askari. Waliojua walinyamaza, na wasiojua ndio waliosema sana.

Ikapita miaka tisa. Sheikh alikuja mara moja, akaja mara ya pili, akamweleza kwa upole kwamba dini haimtaki mwanamke angoje mpaka aote mizizi: akae eda, miezi minne na siku kumi, kisha awe huru. Jamila alimpa chai, akamsindikiza hadi barabarani. Muuza mawese mmoja, mtu na heshima zake, alituma posa, akajibiwa kuwa mke wa mtu haposwi. Na kila Idi ikikaribia, Jamila alimshonea mumewe kanzu mpya akaiweka sandukuni.

"Subira huvuta heri," aliniambia.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," nikamjibu.

Mimi Sharifa ni mdogo wake. Nilikuwa nimeshaachika mara moja, nikajua kuwa mwanaume anaweza kuondoka na jua likachomoza vilevile. Nilikuwa na hasira na Jamila, nasema kweli. Dada yangu alikuwa bado kijana, bado mzuri, na alikuwa anajizika yeye badala ya mumewe.

Aliyeumia kuliko sote ni Mwavita, binti yao. Wenzake waliofiwa na baba walisomewa hitima, wakashikwa kichwa na wazee, wakaitwa yatima wakala huruma ya watu. Yeye alikuwa na baba asiyekuwa hai wala maiti. Akiulizwa shuleni, alijibu "amesafiri", na macho yake yakaenda chini.

Ndipo Kihispania kikaingia nyumbani kwetu. Kilikuja na Mwalimu Onema, Citoyen, yaani Raia Onema, kama tulivyotakiwa kusema, ambaye zamani aliitwa Nestor kabla Chama cha Rais hakijawavua Wakristo majina ya watakatifu wao. Alisoma Uhispania miaka kadhaa, akarudi Kindu, mji wetu, na koti zito lisilo na kazi hapa, na imani moja: lugha haiingii kwa kukariri, inaingia kwa sikukuu. Basi darasa lake lilikuwa karamu baada ya karamu. Wahispania wanapopokea mwaka mpya hula zabibu, moja kwa kila mlio wa kengele. Zabibu Kindu tuzione wapi? Watoto wakala karanga, kengele ya shule ikagongwa, na Mwavita akapaliwa. Mwezi wa kwanza ikaja siku ya Wafalme Watatu. Wanafunzi wakaacha viatu dirishani ili wafalme wapite usiku watie zawadi. Asubuhi viatu vyenyewe havikuwepo.

"Wafalme wa Kindu hawaleti, wanabeba," nilisema, nikacheka. Jamila akaniziba mdomo kwa kiganja. Miaka ile hata mzaha kuhusu wafalme uliweza kufika masikioni mwa Chama.

Mwavita alikipenda Kihispania kupita kiasi. Alikizungumza jikoni, akaviambia vyungu habari zake. Siku moja tunatwanga sombe, majani ya mihogo, nikamsikia anarudia maneno yaleyale kwa sauti ya chini, kila pigo la mchi na sentensi yake: *Mi padre está muerto. Mi padre está muerto.*

"Maana yake nini?" nikamuuliza.

Alitazama mlango kwanza. "Baba yangu amekufa."

Mchi wangu ukasimama.

"Kwa Kiswahili siko na ruhusa, mama mudogo," akasema. "Mule ndani ya klasi njo naruhusiwa."

Nilimfuta jani lililomrukia shavuni, nikaendelea kutwanga.

Mwezi wa kumi na moja masomo ya Mwalimu Onema yalifika Mexico. Kule, aliwaambia, kuna siku ya wafu. Watu hutandika meza, wakaweka picha za waliowapoteza, maua ya njano, mishumaa, na chakula alichokipenda marehemu, kisha wakamsimulia kana kwamba yuko sebuleni. Kila mwanafunzi alete picha ya marehemu wake na chakula chake, aseme maneno machache kwa Kihispania. Na wazazi waje.

Mwavita alimwomba mama yake wali wa mchele wa Kibombo na samaki wa moshi kwa mawese. "Ni juu ya feti, sikukuu ya Wahispania," alimwambia. Jamila alifurahi. Aliamka mapema akapika mwenyewe, akamwaga pilipili kwa wingi kama Masudi alivyopenda, kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kupika samaki. Mimi nilijua chakula ni cha nani. Mimi ndiye niliyefungua sanduku, nikatoa picha chini ya zile kanzu, nikampa mtoto. Wala sijuti.

Darasa lilijaa. Meza ndefu iliegemea ukuta wa mbele, imefunikwa shuka jeupe, picha zimesimama zikiegemea chupa, mishumaa mbele yake. Kando yangu alikaa mwanamke Mkristo wa Alunguli, ng'ambo ya mto, mama wa mwanafunzi mwingine. Kwenye kitambulisho alikuwa na jina jipya la mababu, lakini watu wote walimwita Euphrasie. Alinionyesha kwa kidole picha ya mumewe, Edouard, mwenye tai na masharubu membamba. Tukasalimiana kama wanawake wanavyosalimiana, habari ya watoto, habari ya mafua.

Mwavita aliitwa. Alisimama wima, sahani ya wali mikononi, akasema Kihispania bila kukwama. Jamila hakuelewa hata neno, lakini alikuwa anang'aa kwa fahari, ananigusa goti: unamsikia? Kisha Mwavita akaiweka sahani mezani, akaisogeza mbele ya picha, akawasha mshumaa.

Goti langu likaachwa. Jamila alikuwa ameiona picha. Uso wake ulifungika. Aliinuka, akaanza kwenda mbele polepole, na mimi nikajua kwamba anakwenda kumtoa mumewe kati ya wafu mbele ya watu wote.

Hakuwahi kufika. Mlango ulifunguliwa, akaingia Prefe Matata, mkuu wa shule, jasho limemtoka.

"Citoyen Onema! Unataka kutuua? Angalia kule juu!"

Tukaangalia. Juu ya meza, ukutani, ilining'inia picha ya Rais, kama katika kila darasa la nchi. Mishumaa ilimmulika kidevu. Maua ya njano yalimzunguka. Alikuwa amekaa katikati kabisa ya maiti wetu, mkubwa kuliko wote. Hakuna aliyethubutu kucheka. Mwalimu Onema aligeuka rangi.

"Meza iende ukuta ule," Prefe akaamuru. " Sasa hivi. Muntu akipita dirishani akiona hivi, tumekwisha."

Kila mtu akakimbilia meza. Mishumaa ikazimwa, sahani zikanyakuliwa, picha zikagawiwa mikono iliyokuwa karibu. Ya Masudi iliangukia mikononi mwa Euphrasie. Jamila akamfikia.

"Leta, mama. Hii ni ya kwangu. Bwana yangu hakufa, mutoto amekosea."

Euphrasie hakuiachia. Alikuwa ameisogeza karibu na macho.

"Huyu njo bwana yako?"

"Njo yeye."

"Ninamujua. Nilimuona mara moja."

Uso wa dada yangu ulifunguka, na mpaka leo sitaki kuukumbuka uso ule. "Ulimuona wapi? Iko wapi?"

"Kaa kwanza, mama."

"Sikai. Iko wapi?"

Euphrasie aliitazama tena picha. "Mukono wake wa kushoto. Kidole kidogo, kilikuwa nusu?"

Picha ilionyesha uso na kola tu. Kidole kile kilikatwa na kamba ya winchi bandarini, kabla Mwavita hajazaliwa. Jamila alikaa pale pale chini, kwenye sakafu ya darasa.

Euphrasie akachuchumaa mbele yake. "Walikuwa wawili, yeye na Edouard wangu. Niliwakuta pembeni ya mto, upande wa kwetu, wamefungwa kamba moja. Nilikata kamba kwa panga. Nikachimba na mama mukwe wangu, ndani ya shamba letu. Shimo moja, mama. Tulikuwa wanawake wawili tu, na mvua."

"Juu ya nini hukuuliza ni wa nani?" nikapiga kelele. "Miaka tisa!"

Hakunikasirikia. "Wakati ule ukiuliza maiti ni ya nani, kesho wanauliza ya kwako ni ya nani."

Prefe Matata alikwenda akafunga madirisha, moja baada ya lingine. "Wamama," akasema kwa sauti ndogo, "mambo haya haiko ya shule. Ninawaomba." Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu, kama sisi.

Jamila aliuliza bila kuinua kichwa. "Macho yake?"

"Yalikuwa wazi. Nilimufumba."

"Na sanda?"

"Nilipasua kikwembe changu nilichovaa. Nusu yake, nusu ya Edouard."

Mchana ule ule tulivuka mto Lualaba kwa mtumbwi, Jamila, Mwavita, Euphrasie na mimi. Shamba lilikuwa nyuma ya nyumba ya Euphrasie, mihogo imefika kifuani, na katikati yake pamefagiliwa safi. Tuta moja. Msalaba mmoja wa mbao uliopakwa chokaa. Mbele yake nta ya mshumaa ilikuwa bado laini, maana Euphrasie alikuwa amepita hapo asubuhi kabla ya kuja shuleni, kama Wakatoliki wanavyofanya siku ya maiti.

Damu ilinipanda. Mwislamu, mtoto wa watu wa msikitini, miaka yote hiyo chini ya msalaba!

"Muti ule utoke," nikasema.

Euphrasie alimtazama Jamila, si mimi. "Ukisema nitoe, natoa." Na akaushika kwa mikono miwili, tayari kuung'oa. Nilimwona anavyoukumbatia, nikaona aibu, lakini sikurudisha neno langu.

"Acha," Jamila akasema. "Bwana yako naye iko humu."

Tukasimama. Mwavita alikuwa amefunua viganja, anaisoma Fatiha, sauti inakatika, anaanza tena.

"Kila mwaka unamuwashia?" Jamila akauliza.

"Kila mwaka. Wote wawili."

"Ukimuombea, unamuita nani?"

Euphrasie akapangusa mikono kwenye nguo. "Sikujua jina, mama. Ninamuambia Mungu: Edouard na Ndugu ya Edouard."

Jamila akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo.

"Anaitwa Masudi," akasema. "Masudi bin Mbaraka. Umuambie Mungu hivyo."

Na Euphrasie akamwambia Mungu hivyo, kwa sauti, mara mbili, na dada yangu akalia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kutoka kwake tangu siku ile ya taulo.

Tukirudi, ndani ya mtumbwi, Jamila alivua hereni na bangili akanitilia mkononi. Eda ilianza siku ile. Nikamtandikia chumba, nikafagia ua, nikaweka mikeka kwa ajili ya watu watakaokuja kutoa pole, na kila kitu nilikifanya kwa haraka ya mtu aliyeshinda ubishi. Miaka tisa nilikuwa nimemwambia, na sasa amekubali. Nilijitafutia furaha ndani ya moyo, sikuipata.

Magharibi ilikuwa inakaribia, nimeinama nachochea moto, nikasikia sauti ya mwanaume mlangoni: "Hodi!"

Kijiti kikanidondoka. Nikakimbia. Nilivuka ua mzima nikikimbia, kanga imenianguka begani, jina la shemeji yangu liko mdomoni, na nilipoufungua mlango nikamkuta sheikh na wazee wawili, wamekuja kutoa pole. Kumbe miaka yote ile ya kumcheka dada yangu, na mimi nilikuwa nikimngoja Masudi.