Mdomo wa Wakili

Kwaru, kwaru, kwaru. Bakuli lilikuwa likikwaruza sakafu ya jikoni, lakini sikusikia ulimi ukilamba. Nilipoingia nilimkuta paka wetu akilisukuma kwa pua bila kula. Mdomo wake wa juu ulikuwa umevimba upande mmoja, na kwenye ukingo kulikuwa na kidonda chekundu.

Tulimwita Wakili kwa sababu nyumbani hapakupita neno bila yeye kulijibu. Siku hiyo alikaa kimya.

Nikatoka mbio hadi kwa fundi viatu, jirani yetu. "Umempiga paka wetu!"

"Mimi?" akasema, msumari kati ya meno. "Huyo ananitukana kila asubuhi na sijawahi kumjibu. Mpeleke kwa daktari, uache kunibwatia."

Niliporudi, Mama alikuwa ameacha cherehani na kukata nusu ya kidonge chake cha maumivu. "Mpe hiki, mwanangu." Nikakitia mfukoni, nikamfunga Wakili ndani ya kikapu.

Daktari wa mifugo alikitazama kidonge, akakitupa. "Dawa za watu kama hii humuua paka. Usirudie." Akamfungua kinywa: meno mazima. Je, ametafuna waya wa umeme? Ameumwa na nyuki? Bakuli lake ni la plastiki? Nikajibu hapana, hapana, la bati. Basi akamchana karibu na mkia kwa kichanuo chembamba, akakung'uta vumbi jeusi juu ya pamba iliyoloweshwa maji. Vumbi likageuka jekundu.

"Kinyesi cha viroboto. Ni damu hiyo. Mwili wa huyu haupatani na mate yao; wakimuuma, mdomo unavimba."

"Kwetu hakuna viroboto!"

"Kwani walikupigia hodi wakati wa kuingia?"

Akamdunga sindano ya kushusha uvimbe, akamdondoshea dawa nyuma ya shingo. "Ya shingoni ni kila mwezi. Na usiposafisha nyumba, mdomo utavimba tena."

Mama aliposikia, cherehani ilisimama katikati ya mshono. "Viroboto? Na gauni la bibi harusi liko hapa mezani? Wateja wakijua, nimekwisha! Paka atoke leo hii."

Wakili alikuwa ameshajikunja juu ya gunia la vipande vya vitambaa, mahali pake pa kulala. Nikamwinua, nikalibeba gunia begani.

"Unakwenda wapi nalo?"

"Kuchemsha maji."

"Nimesema atoke!"

"Nimekusikia, Mama. Sasa nisikilize na mimi. Gunia hili, mapazia, mashuka, vyote vinapita kwenye maji ya moto leo, na kila wiki. Chini ya meza yako nitafagia mwenyewe, asubuhi na jioni. Dawa ya shingoni sitaruka hata mwezi mmoja. Na mteja mmoja tu akijikuna humu ndani, usihangaike kumfukuza paka: nitahama naye."